Vijana wa afya Tanga, maumivu sugu tuyatafiti pamoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na vijana wetu waliomaliza vyuo vya afya, hasa wenye hamu ya utafiti. Mimi ni mtu wa fiziotherapia hapa Tanga na wagonjwa wangu ni haohao, mkata mkonge wa mgongo, mvuvi wa bega, mama wa magoti, wamezunguka na bahasha za eksirei mpaka zimechanika, wanaambiwa picha haina kitu na usiku hawalali. Yakivuka miezi 3 hayo ni maumivu sugu, na Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake mpya ya magonjwa, ICD-11 iliyoanza kutumika 2022, limeyapa sehemu yao yenyewe. Sio dalili tu jamani. Kidonda kinaweza kupona lakini mishipa ya fahamu na ubongo vikaendelea kupokea maumivu, halafu ukosefu wa usingizi, mawazo na hofu ya kupoteza kibarua vinayaongeza.

Sasa kitu kama hiki nani atakitafiti peke yake? Mimi najua misuli, sijui dawa vizuri, wala sonona. Hata ile nadharia ya 1965 inayosema kwenye uti wa mgongo kuna kama mlango unaopitisha au kuzuia maumivu ilitoka kwa watu wa fani mbili, Ronald Melzack mwanasaikolojia wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza, mtaalamu wa mishipa ya fahamu. Na sisi sio wageni wa kushirikiana, chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa Korogwe na Bagamoyo pamoja na vituo vingine, jumla 11 kwenye nchi 7 za Afrika, na Shirika la Afya Duniani (WHO) likapendekeza itumike 2021. Kwenye maumivu tunashindwa nini?

Ushauri wangu kwa kijana, usikae unasubiri mfadhili wa nje. Tafuta muuguzi mmoja, daktari mmoja, mtu wa takwimu, na mgonjwa mwenyewe akae mezani toka siku ya kwanza, sio aletewe dodoso likiwa limeshaandikwa, maana yeye ndo anajua swali gani halina maana. Anzeni na swali dogo, mfano nani anarudi kazini baada ya mazoezi na nani harudi na kwa nini. Kibali cha maadili ya utafiti kiombwe mapema. Na jina la nani litatangulia kwenye andiko mkubaliane kabla ya kukusanya data, hapa urafiki mwingi unavunjika, nawaambia kweli.

Kwa wakuu wa hospitali zetu, ombi langu ni dogo. Tupeni chumba na saa mbili kwa wiki, watu wa idara tofauti tukae tumjadili mgonjwa mmoja wa maumivu sugu kwa pamoja, na tuandike tulichokiona.

Mtaalamu wa fiziotherapia,
Tanga