Mbona mnairuka IBM Simon?

Mhariri, kila mkiandika habari za simu za tachi mnaanzia na iPhone ya 2007, jamani mbona IBM Simon mnairuka? Hiyo iliingia sokoni Marekani Agosti 1994, haina vitufe vya namba kabisa, unagusa skrini kwa kidole au kijiti chake, inatuma faksi na imeili, ina kalenda, yaani mwaka 94! Nikiitazama picha yake, jeusi, nene kama tofali, zito nusu kilo hivi, nawavulia kofia mafundi wake. Kilichoiponza ni betri, ukiongea kama saa moja tu chaji imekata, na bei nayo dola 899 pamoja na mkataba, nani angemudu? Mkiandika tena wekeni na picha yake tafadhali.

Msomaji wenu, Tanga