Anayekata minyaa ateke maji kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme jambo kuhusu kazi yetu ya kupunguza nyua za miti. Masika imekatika, miti imevimba, na sasa hapa Mwanza kila nyumba inatafuta mtu wa kukata.

Huu ni mwaka wangu wa 14 katika kazi za bustani. Nilianza na panga na mkasi. Leo nina mashine mbili na vijana watatu. Watu wakiniona nimejifunga miwani na glavu hudhani naogopa mashine. Mashine angalau inanguruma, unajua iko wapi. Ninachokiogopa ni ua wenyewe, hasa ukiwa wa minyaa.

Minyaa sote tunaijua. Sisi wa Usukumani tumekulia ndani ya boma lililozungushiwa minyaa, na inasemekana hata jina la Ziwa Manyara limetokana na jina ambalo Wamaasai wanauita mmea huohuo. Unavunja kijiti, unachomeka, hata usipomwagilia kinashika, na mbuzi hawaugusi. Kwa hiyo simshauri mtu ang'oe. Shida ni ule utomvu mweupe kama maziwa.

Mwaka 2017 niliitwa nyumba moja Nyegezi. Tajiri alitaka ua ushuke mpaka usawa wa kifua, tukapatana malipo kwa mita. Ngazi sikuwa nayo, nikapanda juu ya ndoo niliyoifudikiza. Saa nane mchana tawi la juu likakatika na tone moja likanidondokea jicho la kushoto. Sikusikia uchungu wa kutisha, nilidhani ni jasho. Nikapangusa kwa mkono wa shati, na shati lenyewe lilikuwa limelowa utomvu. Bomba la uani lilikuwa halitoi, ilikuwa siku ya mgawo. Dada wa kazi akaniletea maji kwenye kikombe, nikanawa, nikashukuru, nikaendelea na mita zilizobaki. Ukilipwa kwa mita huachi kazi katikati.

Saa mbili usiku nilikuwa chini sakafuni. Jicho lilichoma kana kwamba mtu ananisugua mchanga wa moto ndani ya kope, na nikilifungua kwa nguvu, taa niliiona kama ukungu. Jirani akashauri yakamuliwe maziwa ya mama anayenyonyesha, na mwenyewe alikuwepo, chumba cha tatu. Mke wangu akakataa, akaita bodaboda. Hospitali daktari aliuliza swali moja tu: mti gani? Nilipomjibu hakuongeza neno, akaanza kumwaga maji. Nilikaa siku tano jicho limefungwa, na wiki mbili zikapita kabla sijaweza kusoma kibao cha daladala kwa jicho lile. Mimi nilipona. Si kila aliyeingiwa na utomvu huu amerudishiwa uoni wake kamili, kwa sababu unaunguza kioo cha jicho.

Wenzangu wengi wanadhani wakiumia watajua palepale. Minyaa haifanyi hivyo. Inakuachia umalize kazi, upokee hela yako, ufike nyumbani, ndipo ianze. Kwa hiyo usisubiri maumivu. Likiingia tone, weka chini ulichoshika, nawa mikono kwanza, kisha shikilia kope wazi na utiririshe maji safi kwa dakika 15 mpaka 20. Kikombe kimoja hakifui dafu. Baada ya hapo nenda hospitali hata kama unajisikia nafuu, na kijiti chako ukibebe kwenye mfuko wa plastiki daktari akione. Asali, maziwa, au ile dawa ya macho iliyobaki kabatini tangu mwaka juzi, usitie.

Siku hizi nikifika kwa mteja, kitu cha kwanza kushuka kwenye toroli ni ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, imejaa maji niliyochota mwenyewe. Haijakaa pembeni ya ua, kisu hakigusi tawi. Miwani ni ile ya plastiki angavu inayoziba pembeni na kufungwa kwa mpira nyuma, si ya jua. Joto likizidi inapiga ukungu, basi nasogea mbali, nanawa kwa sabuni, ndipo naivua. Glavu ziwe za mpira, maana za kitambaa zinanyonya utomvu. Na simu! Kijana anaongea na mchumba wake akiwa na glavu zilezile, simu shavuni, na jioni anashangaa uso umevimba. Nimezipiga marufuku kazini, zinakaa kwenye begi.

Minyaa naikata kwa mkasi, asubuhi. Mashine inarusha utomvu kila upande, na mchana upepo wa ziwani unausukuma usoni.

Yako mengine nitayapitia haraka. Ua uliopanda mpaka kwenye nyaya za umeme si wa kwetu, ni wa TANESCO, na ngazi ya bati isikaribie hapo. Mashine ya kufyekea nyasi inarusha kokoto, hivyo watoto wakae mita 15 au zaidi, na wewe vaa gambuti. Nyuki hawapendi mngurumo, kwa hiyo zunguka ua wote kimyakimya ukiangalia kabla hujavuta kamba ya kuwashia.

Neno langu la mwisho ni kwa wanaotuita. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Lakini kazi zetu nyingi ni za deiwaka: umemkuta kijana barabarani na panga lake, mmepatana, jioni mmeachana. Hapo kila mmoja anamwona mwenzake ndiye mwenye jukumu, na miwani hainunuliwi. Sikuombi umnunulie kila kitu. Muulize amekuja na miwani? Kama hana, mwahirishe mpaka kesho. Kama kwako maji ni ya mgawo, mwambie mapema. Na tafadhali usimpatanishe kwa mita kwenye ua wa minyaa. Mpe bei ya siku, ili akiingiwa na utomvu asipige hesabu ya mita kwanza.

Ndoo yangu ni ya rangi ya chungwa. Wateja wapya hudhani nimebeba maji ya kumwagilia maua, na kuna mama mmoja wa Kirumba aliniuliza kama kwake naona hakuna bomba. Nilimwambia lipo, mama, nimeliona, lakini bomba silijui na mimi hiyo ndoo naijua.

Mtunza bustani,
Mwanza