Upendo mwanangu, cheti chako umekiacha

Njombe, 24 Agosti 2025

Mwanangu Upendo,

Salamu. Huku tu wazima, baridi tu ndiyo imegoma kuondoka. Barua hii anakuja nayo mama mchungaji, anakwenda kumtazama binti yake aliyejifungua huko Kimara. Nenda ukampokee stendi ya Mbezi mapema, maana hapajui.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nikitaja cheti unasema mtandao unakatakata. Juzi nilikuwa natoa mablanketi kabatini nikaikuta bahasha ya kaki, chini kabisa, imefunikwa na mashuka ya zamani. Vyote vimo: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita na cha chuo. Upendo, hukuvisahau. Mtu aliyekumbuka chaja, pasi na hata kile kioo cha ukutani hasahau bahasha. Umeviacha.

Sikugombezi kwa ajili ya kazi ya duka. Mama yako mdogo ameniambia bosi wako wa Kariakoo hakuuliza umesoma wapi. Aliuliza namba ya kitambulisho cha taifa ya NIDA, barua ya serikali ya mtaa na mdhamini. Na mwezi haujaisha akakuachia daftari la mauzo. Nilifurahi mwanangu, nikamsimulia hadi anayetuletea maziwa. Fanya kazi ya watu kwa moyo wote. Ila bahasha ije huko uliko.

Ile siku ulipokasirika ulisema shahada siku hizi ni karatasi ya kufungia maandazi. Nilinyamaza. Sasa nakujibu. Mwaka 2017 watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi, wakatolewa kazini. Unamkumbuka yule wa zahanati, aliyekuwa akichoma sindano mtoto halii. Kazi aliijua, watu walimpenda, lakini karatasi haikuwa yake na hakuna aliyeweza kumtetea. Karatasi ya maandazi nani angehangaika kuighushi? Wewe yako ni ya halali, ina jina lako na la babu yako, umeilaza chini ya mashuka.

Usidhani sijui hali ilivyo. Nasikiliza redio, namba nimeziandika nyuma ya kalenda. Ule usaili wenu wa walimu wa Januari, walioomba ni 201,707 na nafasi ni 14,648. Nilimpa mdogo wako Baraka agawanye, akapata karibu watu kumi na wanne kwa nafasi moja. Ule wa mamlaka ya mapato, TRA, wa Machi ndiyo usiseme, watu 135,027 kwa nafasi 1,596, yaani karibu themanini na tano wanagombea kiti kimoja. Na nyie wa Historia na Kiswahili mko wengi kuliko wa Fizikia. Yale niliyoyasema wiki uliyokosa jina, kwamba ulikuwa unalala badala ya kusoma, niliyasema kabla sijazisikia hizo namba.

Lakini angalia, hao 201,707 wote walikuwa na cheti. Asiyekuwa nacho hakuhesabiwa hata na walioshindwa. Hicho ndicho kinachoninyima usingizi. Siku wakikuita, watataka vyeti halisi mkononi, nakala haitoshi. Tena kaka yako anasema kwenye Ajira Portal, ile tovuti ya serikali ya kuombea kazi, bado umejaza kwamba unaishi Njombe, kwa hiyo wakikuita utaitiwa huku. Badilisha mkoa. Ni kazi ya dakika chache, mwombe mtoto wa mama mdogo akusaidie kama wewe hutaki hata kuifungua. Tangazo linasema umri usizidi miaka 45. Wewe una 26. Nimehesabu, una miaka kumi na tisa ya kuomba, na wewe umekata tamaa mwaka wa pili.

Halafu kuna hili la ufundi, ambalo mama mdogo anasema bado unalitaja. Mimi nilimwona shangazi yako akimaliza chuo mwaka 2012 na kupangiwa shule moja kwa moja, bila usaili, bila kumfahamu mtu. Nikajua ualimu ni hivyo. Ulipotaka kwenda chuo cha ufundi, VETA Iringa, kusomea umeme nilisema mtoto wangu hapandi nguzo. Wakati ule serikali ilikuwa tayari imeacha kupangia walimu hivyo, na wewe uliniambia, nikasema mambo yatarudi. Hayakurudi. Kijana wa jirani aliyekwenda VETA badala yako sasa anafunga umeme kwenye nyumba za watu hadi Makambako, juzi kanunua pikipiki. Baba yake akipita hapa hupunguza mwendo ili nimsalimie. Namsalimia.

Hata hivyo usichukulie kwamba nimekuruhusu kuitupa shahada. Yule kijana naye ana cheti chake, anakibeba kwenye begi la vifaa, na hapati tenda ya shule wala zahanati bila kukitoa. Tofauti yenu ni kwamba chake kilimfundisha kitu ambacho mtu analipia siku hiyohiyo. Chako kinasubiri mwajiri. Kwa hiyo ongeza kitu mikononi. Kama duka linakufundisha kuagiza mzigo na kutunza hesabu, jifunze hadi mwisho, liandike kwenye wasifu wako. Usiandike tu kwamba ulimaliza chuo Dodoma. Matangazo ya kampuni binafsi yanadai uzoefu wa miaka mitatu kwa mtu anayeanza kazi, jambo ambalo mpaka leo sijalielewa, lakini kama ndiyo wanavyotaka basi daftari la mauzo nalo ni uzoefu.

Ile shule ya binafsi iliyokulipa miezi mitatu ukafundisha saba, nayo iandike. Uchungu ninaujua. Miezi saba ya kusimama mbele ya watoto uliifanya wewe, hawawezi kuichukua kama walivyochukua mshahara. Mwombe yule mwalimu mkuu msaidizi barua ya kukutambulisha, alikuwa mtu mwema.

Deni la bodi ya mikopo usiliogope hadi ukimbie ajira. Nasikia vijana wanasema afadhali wasiajiriwe rasmi maana watakatwa asilimia 15 ya mshahara. Mwanangu, wakikata 15 zinabaki 85. Sasa hivi hawakukati kitu, na deni liko palepale.

Cheti nakitumaje? Kondakta simpi. Mwaka juzi alipoteza mbegu za watu, sembuse bahasha. Nilitaka kumpa mama mchungaji, nikakumbuka anabeba mtama na ndizi za mzazi, nikaona kitakunjwa. Kwa hiyo kifuate mwenyewe Krismasi, au mapema zaidi kama bosi atakuruhusu. Ila kabla ya Novemba nitakihamisha, bati la juu ya kabati limetoboka na mvua zikianza litavuja. Fundi anataka bati nne na misumari. Maparachichi ya mwisho yamechukuliwa lakini mnunuzi ametulipa nusu, anasema nusu nyingine wiki ijayo, na wiki ijayo imeshapita mara mbili. Viazi vimetoka vizuri. Yule mbuzi mwekundu amezaa mapacha.

Ukikiona cheti kina alama ya kidole upande wa kulia chini, ni ya mafuta ya kula, ni yangu. Nilikuwa nakionyesha kwa wageni wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Nilijaribu kuifuta kwa mkate kama wanavyosema, ikapungua. Muhuri na jina vinasomeka vizuri.

Jambo la mwisho ni la Baraka. Mtihani wake wa kidato cha nne ni Novemba, na amenijia jikoni juzi akasema akimaliza hataki kidato cha tano, anataka VETA, umeme wa magari. Walimu wake wanasema ana akili ya kwenda chuo kikuu. Baba yako amesema niamue mimi. Nilifungua mdomo nikaufunga. Nimemwambia nitakuandikia wewe kwanza, na utakalosema nitalisikiliza hadi mwisho kabla ya kujibu. Mpigie yeye, usinipigie mimi. Jioni, baada ya saa moja, maana mchana simu inabaki nyumbani kwenye chaji.

Na ukimaliza kuongea naye, niambie unakuja lini kuchukua bahasha.

Mama yako