Kabla hujatoboa bampa la Noah

Tabata, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Shoga yangu kipenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Morogoro. Sisi huku hatujambo. Mapacha wamepona mafua, wiki hii wamerudi shule. Ujumbe wako niliusoma nikiwa kwenye foleni ya Ubungo, nikasema hili silijibu kwa maneno mawili ya simu, nitakaa chini nimwandikie mwenzangu. Na kwanza hongera kwa kununua gari, hiyo Toyota Noah. Najua miaka uliyoidunduliza hela hiyo.

Umeniuliza kama fundi anayekushawishi ufunge sensa za rivasi, vile vidude vya kwenye bampa vinavyolia ukikaribia kitu unaporudi nyuma, anakusaidia au anataka hela yako tu. Nakujibu hapa hapa mwanzoni: funga. Lakini ujue unachonunua, maana mimi nilifunga bila kujua na karibu yaniponze.

Unakumbuka Rav4 yangu ilivyobonyea nyuma mwaka juzi? Nilikuwa natoka mbele ya duka la dawa. Macho yangu yote yalikuwa kwenye kioo cha kulia kwa ajili ya bodaboda, na nyuma palikuwa na bomba la chuma limesimikwa kuzuia magari, halifiki hata kiunoni. Nilisikia bampa linapasuka kabla sijahisi kitu chochote. Kulichomelea, kulipiga rangi na kulirudisha mahali pake kulinigharimu 180,000. Wiki iliyofuata nikaenda Gerezani, Kariakoo, nikanunua boksi la sensa nne kwa 75,000, na fundi akachukua 40,000. Hesabu hiyo peke yake ilinitosha. Kugongesha mara moja tu kunazidi bei ya sensa na ufundi wake.

Sasa nikueleze kidude chenyewe. Zile duara nne unazoziona kwenye mabampa ya watu hazioni kitu, zinasikia. Kila moja inapiga sauti kali mno, kama mitetemo 40,000 kwa sekunde, wakati sikio la binadamu linaishia kwenye 20,000 hivi. Popo anawinda usiku kwa namna hiyo hiyo. Sauti ikigonga ukuta inarudi, na kiboksi kilichofichwa ndani ya buti kinapima imechukua muda gani. Sauti inakwenda mita 340 na kidogo kwa sekunde, kwa hiyo ukuta ulio mita 1 nyuma yako mwangwi wake unarudi kwa takribani sehemu 6 kati ya 1,000 za sekunde. Kiboksi kinaligeuza hilo kuwa pii... pii... pii, na ukibakiza kama sentimita 30 inakuwa mlio mmoja mrefu usiokatika. Si jambo jipya. Toyota waliweka kitu cha aina hii kwenye Corona ya 1982, enzi wewe na mimi hatujaanza hata darasa la kwanza.

Kwa kuwa ni sikio, chochote kisichorudisha sauti hakipo kwake. Shoga, sentensi hiyo ishike, mengine yote yanatoka hapo.

Kuhusu kufunga, fundi wa kwanza alinitia hasara na simtaji, ila nakueleza alichokosea ili wako asirudie. Sensa zinachukua umeme kwenye waya wa taa ya rivasi, ndiyo maana zinaamka ukiingiza gia ya R tu. Yeye aliumenya waya wa taa, akauzungushia waya wa kiboksi kwa vidole, akapiga tepu mzunguko mmoja, basi. Mvua za Aprili zilipokuja, maji yakaingia, fyuzi ikaungua, nikakaa siku nne sina sensa wala taa za rivasi. Tena alizifunga mbili za katikati juu chini. Nyuma ya kila sensa kuna kishale kidogo kinachotakiwa kuelekea juu. Ukikigeuza, sensa inainamia ardhi na kuanza kulilia lami. Mwezi mzima gari langu lilikuwa linapiga kelele kwenye uwanja mtupu, hadi nikawa nalizima kichwani, yaani nalisikia bila kulisikiliza. Sensa inayolia ovyo ni mbaya kuliko kutokuwa nayo.

Fundi wa pili alikuwa kijana mtulivu, nilisimama pembeni yake asubuhi nzima. Kwanza alilala chini na tochi akakagua bampa kwa ndani, apate kujua chuma cha kuzuia ajali kimepita wapi. Akapima urefu kutoka chini, akasema pazuri ni kati ya sentimita 50 na 65. Akabandika tepu ya karatasi nje ya bampa, akaweka alama kwa kalamu, akarudi nyuma hatua tano kuangalia kama zimelingana, akafuta moja akaiandika tena. Ndipo akatoboa tundu jembamba la kuongozea, halafu akaweka ile biti ya duara iliyokuja ndani ya boksi. Plastiki ilitoka kama maganda ya chungwa, nyeusi, inanukia moto. Alisafisha ukingo wa kila tundu kwa kisu, akaisukuma sensa kwa kidole gumba hadi ikalia tak. Waya akazipitisha kwenye mpira uliokuwepo tayari chini ya buti, hakutoboa bodi. Maungio aliyalehemu kwa risasi, akayavika mpira unaojibana ukipashwa joto. Kazi yote ilimchukua saa mbili na nusu, na hakuniongezea bei.

Nilimwomba jambo moja la ziada, nawe uliombe: kile kispika kinacholia asikiache ndani ya buti. Noah ikijaa watoto wa shule wanaoimba hutasikia kitu. Akivute waya hadi mbele, kikae karibu na miguu yako.

Jioni ile nikafanya jambo ambalo kila anayefunga sensa angelifanya. Nilisogeza gari hadi uani, nikamweka dada wa nyumbani pembeni na futi ya kupimia, nikaanza kurudi nyuma polepole kuelekea kitu kimoja baada ya kingine. Ukuta wa tofali: unalia kuanzia mita 1 na nusu, safi kabisa. Ukuta huo huo nikiuendea kwa mshazari: ulichelewa sana, maana sauti inateleza inaenda zake pembeni. Mpini wa fagio uliosimamishwa: kimya mpaka ukagusa bampa. Kamba ya nguo: kimya. Blanketi lililoanikwa: lililia tukiwa karibu mno, kitambaa kinameza sauti. Uzio wa waya wa jirani: mara unalia, mara haulii.

Halafu ndoo ya plastiki ya lita 20, ambayo ndiyo iliyonifundisha kuliko vyote. Kwa mbali sensa iliisikia, pii pii. Nikaendelea kurudi. Ghafla ikanyamaza. Mtu angedhani njia imefunguka, kumbe ndoo imeingia chini ya usawa wa sensa, iko pale pale, na hatua moja zaidi ningeikanyaga. Kwa hiyo ikilia halafu ikanyamaza huku bado unarudi, kanyaga breki na ushuke. Tangu siku ile mimi hushuka, hata nikiwa na haraka.

Kwenye Rav4 kuna jambo lingine, lile tairi la spea linaloning'inia mlangoni nyuma. Sensa zinapima kutoka kwenye bampa, lakini cha kwanza kugonga ni tairi. Mlio mrefu ukianza, mimi nimeshachelewa, kwa hiyo nasimama mlio ukiwa bado wa haraka haraka. Noah yako mgongo wake umenyooka, hilo halikuhusu. Ila mumeo akija kufunga chuma cha kuvutia trela, sensa za katikati zitakuwa zinakililia hicho kila siku. Mwambie mapema.

Na mtaro. Hapa ndipo nilipotaka kukwambia karibu yaniponze. Wiki ya pili baada ya yule kijana kuzifunga upya nilikuwa Sinza usiku, kona nyembamba, nikarudi nyuma nikisikiliza mlio tu. Hakuna mlio. Nikaendelea, hakuna mlio, gari likainama kwa kishindo na tairi la nyuma kushoto likawa ndani ya mtaro wa maji. Vijana sita walilinyanyua. Sensa haikuharibika wala haikudanganya. Yenyewe inasikia kilichosimama, shimo halirudishi kitu. Mji wetu una mitaro isiyo na mifuniko kila mtaa, na Morogoro najua hivyo hivyo, hasa huko kwenu mnakoshuka kutoka mlimani.

Sasa la watoto, kwa sababu najua ndilo lililokufanya uniandikie hata kama hukulisema. Mimi na wewe nyumba zetu zina watoto wanaokaa nyuma ya magari kuchora ardhini. Fanya hesabu hii nami. Gari likirudi kwa kilomita 5 kwa saa, ambao wewe utauona ni mwendo wa konokono, linakula karibu mita 1 na sentimita 40 kila sekunde. Sensa inaanza kulia kwenye mita 1 na nusu. Basi tangu mlio wa kwanza hadi kugusa una sekunde moja, na sekunde hiyo ndiyo mguu wako unayoihitaji kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki. Ina maana sensa inamfaa anayerudi kwa mwendo wa mtu anayebeba maji kichwani. Anayerudi kwa kasi, mlio na kishindo vinafika pamoja.

Na mtoto aliyechuchumaa anaweza kuwa kama ile ndoo. Mtoto anayekimbia kutoka pembeni anaingia kwenye usikivu wa sensa akiwa ameshafika. Marekani, baada ya wazazi wengi kuwagonga watoto wao wenyewe kwenye njia za nyumbani, walitunga sheria mwaka 2008, na tangu Mei 2018 magari madogo yote mapya yanayouzwa kule lazima yamwezeshe dereva kuona nyuma, yaani kamera. Wakadai kuona, hawakuishia kwenye mlio. Nikilifikiria hilo moyo unanienda mbio, kwa sababu wale wazazi hawakuwa wazembe, walikuwa wanatoka tu kwenda kazini kama sisi.

Kwa hiyo ukiwa na hela ya kitu kimoja tu na shida yako ni watoto, nunua kamera. Noah nyingi zinazotoka Japani zina redio yenye skrini, na kamera inaungwa hapo kama redio ina tundu lake. Fundi aichomoe redio aangalie nyuma kabla hujalipa. Ukiwa na hela ya vyote viwili, weka vyote. Sensa inakwambia hata kama unaangalia pembeni, kamera inakuonyesha ndoo, mtaro na mtoto, mradi uiangalie na uifute vumbi. Mimi kamera nitaiweka mwezi wa tisa Mungu akijalia. Hadi hapo nazunguka gari kwa miguu kila asubuhi kabla sijawasha, na mapacha wanajua kusimama barazani, mikono juu ya ukuta, nikiwahesabu wawili ndipo natoka. Hata kamera ikija, kuzunguka sitaacha.

Usinunue zile sensa zenye skrini ndogo isiyotumia waya. Nimeona za watu wawili, namba zinarukaruka. Kispika cha kawaida kinatosha. Na usikubali ile tepu ya bati inayobandikwa ndani ya bampa ili kuepuka kutoboa: hiyo inahitaji gari liwe linatembea ndipo igundue kitu, ukisimama inanyamaza. Sensa wanazo nyeusi, nyeupe na za fedha, chagua inayokaribia ya bampa. Zikichafuka tope zinakuwa viziwi, mimi kitambaa kiko mlangoni mwa dereva muda wote wa masika.

Breki zako lakini ulishazikagua? Uliniambia zinakwaruza. Kama bado, hela ya sensa iende huko kwanza, sensa zitasubiri mwezi mmoja.

Ukija Dar Jumamosi ya mwisho wa mwezi kama ulivyosema, njoo na gari, usipande basi. Tufike Gerezani asubuhi kabla jua halijawa kali, nikupeleke kwa yule kijana. Tukitoka hapo tunakuja kwangu uani, nitaandaa ndoo, fagio na blanketi, utarudi nyuma mwenyewe usikie kila kimoja kinavyolia na kisivyolia. Kabla ya hapo chukua futi, pima kutoka chini hadi katikati ya bampa la nyuma, gari likiwa tupu na likiwa limebeba watu, unitumie namba zote mbili nimwonyeshe.

Msalimie mama, mwambie dawa ya miguu nimeipata, nitakupa urudi nayo.

Wako,
Mama Pacha