Zabibu isiyo na mbegu haikuzaliwa maabara

Ndugu Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliandika katika ukurasa wako huu kwamba zabibu zisizo na mbegu ni "matunda ya maabara" na kwamba anayezila ataishia kuwa kama zenyewe, bila uzazi. Nilisoma nikacheka. Jumamosi ile ile, sokoni, nikamsikia mama mmoja akimnyang'anya mwanawe kifuko cha zabibu za kijani kwa sababu hiyo hiyo, kicheko kikaisha. Nimekuwa bwana shamba hapa Dodoma kwa miaka mingi kabla ya kustaafu na mizabibu ndiyo iliyonilisha, kwa hiyo naomba nafasi.

Nianze na tumbo, maana ndilo linaloogopewa. Chembe za urithi za mzabibu zikifika tumboni zinameng'enywa kama za mchicha. Na kama tunda lisilo na mbegu lingekuwa linaua uzazi, Bukoba na Rungwe wasingekuwa na watu. Ndizi tunayoipika, tunayoichoma na kuimenya asubuhi haina mbegu. Ndizi za mwituni ambazo ni mababu wa hizi zetu zimejaa kokwa nyeusi ngumu za kuvunja meno. Wakulima wa kale walikuta migomba yenye matunda laini, wakachukua machipukizi yake, na mpaka leo tunapanda machipukizi. Hakuna anayemwogopa mgomba.

Zabibu ina historia ya namna hiyo hiyo. Ile ya kijani ndefu kidogo inayojaa maduka makubwa, ambayo ndiyo pia huanikwa ikawa zabibu kavu za kwenye biriani na keki, asili yake ni mzabibu mmoja wa kale wa nchi za Mashariki ya Kati. Waturuki waliuita Sultanina, Waajemi na watu wa Asia ya Kati wakauita Kishmish. Marekani unajulikana kama Thompson Seedless, kwa sababu katika miaka ya 1870 mkulima wa California aitwaye William Thompson aliupanda akausambaza. Yeye hakuuumba, alipata vipando tu. Wakati huo hakuna mtu duniani aliyekuwa anajua kinasaba, yaani chembe ya urithi, ni nini.

Sasa nini kilitokea ndani ya mzabibu huo? Kata punje moja ya zabibu hizo kwa wembe, katikati, uitazame vizuri. Utaona vijichembe viwili vitatu laini, vya rangi ya maziwa au kahawia hafifu. Hizo ni mbegu zilizokufa zikiwa changa. Ua lilipata chavua, urutubishaji ukafanyika, kiinitete, yaani mche mchanga ulio ndani ya mbegu, kikaanza kukua, halafu baada ya wiki chache kila kitu kikasimama. Ganda la mbegu halikuwa gumu, na kilichokuwa ndani kikadhoofika. Muuzaji anayekwambia "haina mbegu kabisa" hasemi kweli kamili. Mbegu ilikuwepo, ila haikufika mwisho.

Amri ya kuifanya mbegu ikomae na ganda lake liwe gumu kama mti inatoka kwenye kinasaba ambacho wataalamu wanakiita VviAGL11, kilichoko kwenye kromosomu (uzi unaobeba vinasaba) ya 18 kati ya 19 za mzabibu. Mwaka 2018 watafiti wa Hispania na wenzao walionyesha kwamba katika jamii ya Sultanina herufi moja ya kinasaba hicho, yaani alama moja ya maandishi yake ya urithi, ilibadilika. Herufi moja tu. Kwa sababu yake, protini inayotengenezwa ina tofali moja tofauti kwenye nafasi ya 197: palipokuwa na asidi amino ya ajinini pamekuwa na lusini. Ni kama fundi aliyeandikiwa "paka chokaa" akasoma "pata chokaa". Anakwenda, anaipata, anarudi nayo, ukuta unabaki vile vile.

Jambo linalonifurahisha zaidi ni kwamba nakala mbovu ndiyo yenye nguvu. Mzabibu hurithi nakala moja kwa mama na moja kwa baba, na hii iliyokosewa ikiwa moja tu inatosha kuivuruga kazi yote ya mbegu. Kuna vinasaba vingine vinavyochangia, ndiyo maana aina moja ina vichembe usivyovihisi ulimini na nyingine ina vichembe vinavyolia chini ya jino. Hata hali ya hewa ya msimu huweza kubadilisha ukubwa wake.

Kuna pia njia ya pili ambayo watu huichanganya na hii. Zabibu ndogo nyeusi za Korintho, zile zinazokaushwa zikawa kama punje za pilipili manga, huwa hazifikii hata hatua ya kiinitete. Chavua inaliamsha tu ua, kisha tunda linajikuza lenyewe bila urutubishaji. Ni ndogo mno, na udogo wake una sababu ambayo kila mkulima wa zabibu anapaswa kuijua.

Mbegu changa ndiyo inayoliamuru tunda likue. Humo ndani hutengenezwa homoni, jibrelini ikiwa mojawapo, zinazoiambia nyama ya tunda itanuke. Chukua kichala cha zabibu yetu nyekundu ya Makutupora, pasua punje kubwa na punje ndogo, uhesabu: mara nyingi kubwa ina mbegu nyingi zaidi. Mbegu ikifa mapema, amri inakatika mapema, na tunda linabaki dogo. Sultanina isiyoguswa na mtu ina punje ndogo kuliko hizo zinazong'aa dukani.

Basi hizo za dukani zimekuwaje kubwa? Zimepuliziwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa California walianza kuipulizia mizabibu hiyo jibrelini, yaani kuirudishia kwa bomba ile homoni ambayo mbegu ingeitoa. Wengine huongeza kuchuna pete ya gome kwenye shina ili sukari isishuke mizizini ibaki kwenye vichala. Jibrelini yenyewe ina kisa chake. Wajapani waliifuatilia kutokana na ugonjwa wa mpunga waliouita "mche mjinga", ambapo mche unarefuka kwa haraka mpaka unaanguka. Mwaka 1926 mtafiti Kurosawa alionyesha kwamba ukuvu fulani ulikuwa unatoa kitu kinachourefusha mpunga hivyo. Kitu cha jamii hiyo hiyo kipo ndani ya mimea yenyewe kwa kiasi chake, ndani ya maharage na ndani ya zabibu yenye mbegu unayoila bila wasiwasi.

Wajapani wakaenda mbali zaidi. Zabibu ya Delaware wanayoilima kwa urithi ina mbegu kama kawaida. Lakini mkulima anashika kichala kimoja kimoja na kukichovya kwenye kikombe cha jibrelini kabla maua hayajafunguka, halafu anarudia baada ya maua, na zabibu zinatoka bila mbegu. Kinasaba hakijaguswa. Nimeona niieleze hii kwa sababu mtu akikuonyesha zabibu isiyo na mbegu huwezi kujua kwa macho kama ni urithi au ni kikombe.

Maabara inaingia wapi? Inaingia, sikatai, na naona hofu ilipopatia mlango. Zamani mtu akitaka aina mpya isiyo na mbegu ilibidi mama awe mzabibu wenye mbegu, na baba ndiye asiye na mbegu, maana chavua ya Sultanina ni nzima. Katika watoto waliozaliwa, wengi walikuwa na mbegu, na ilibidi kuwalea miaka kadhaa mpaka wazae ndipo ujue. Hata hivyo kazi hiyo ilizaa matunda: Flame Seedless, ile nyekundu ya mviringo, ilitolewa mwaka 1973 na kituo cha Idara ya Kilimo ya Marekani kilichoko Fresno. Miaka ya 1980 wataalamu wa kituo hicho hicho walifanikiwa kuchukua punje changa kabla kiinitete hakijafa, wakakitoa na kukilea ndani ya chupa kwenye uji mzito wa virutubisho mpaka kikawa mche. Hapo mama na baba wote wakaweza kuwa bila mbegu. Ni kazi ya mkunga anayemwokoa kichanga njiti. Hakuna kinasaba cha mnyama wala cha bakteria kilichotiwa humo.

Siku hizi, tangu ramani ya vinasaba vya mzabibu ilipochapishwa mwaka 2007, mtafiti anaweza kukata jani la mche mchanga, kulipima na kujua kama umebeba ile herufi iliyobadilika. Asiye nayo anang'olewa akiwa bado kwenye kifuko. Hiyo ni kusoma, si kuandika.

Mwenzangu aliyeandika ana hoja moja ambayo naikubali, ingawa hakuitaja vizuri. Kwa kuwa mizabibu hii haipandwi kwa mbegu, kila mzabibu wa Sultanina ni kipande cha mzabibu ule ule wa kale. Ubwiri unga ukiupata mmoja, umewapata wote, kwa sababu hawatofautiani. Hilo ndilo ambalo mkulima wa Mpunguzi au Hombolo anayetaka kuacha zabibu ya mvinyo apande ya mezani anatakiwa kuulizia kabla hajauza ng'ombe. Na aulize pia vipando vimetoka wapi, maana aina nyingi mpya zina wenyewe. Tuna sheria ya haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea tangu 2012, na kukata tawi kwa jirani kunaweza kuwa kesi. Tena asidharau alichonacho. Kwenye mvinyo mbegu si kasoro, inachangia ule ukakasi ambao mnywaji anaulipia.

Wenzangu wa TARI Makutupora, kituo cha taasisi ya utafiti wa kilimo, wanaweza kuyaeleza haya kuliko mimi, na ningefurahi mngewapa ukurasa mzima badala ya sisi wastaafu kujibizana kwa barua.

Nilichochelewa kusema ni kilichonifanya nishike kalamu kweli. Baada ya barua ile kutoka, kijana mmoja alinijia nyumbani na pakiti aliyoinunua mtandaoni, yenye picha ya kichala cha kijani na maneno "mbegu bora za zabibu isiyo na mbegu". Shikamoo mzee, nizipande vipi? Nikamwambia asome tena maneno ya kwenye pakiti, polepole. Akasoma. Akanyamaza. Mbegu ya zabibu ni kama peari ndogo yenye mdomo uliochongoka. Hizi zilikuwa bapa, ndogo kuliko za nyanya. Nilimwomba aniachie chache nizitie kwenye kopo, kwa udadisi tu. Juzi zimetoa jani la nne. Ni mnavu.

Bwana shamba mstaafu,
Dodoma