Mjomba, wazungu nao hula mpaka

Mjomba, shikamoo.

Najua kesi za mipaka zimekuchosha huko barazani, hata hivyo nakuletea habari za mpaka. Kuna kijiji cha Uingereza, Laxton, katika kaunti ya Nottinghamshire, kinacholima kwa utaratibu ambao karibu nchi nzima iliuacha zamani.

Pana mashamba matatu makubwa yasiyo na ua. Kila moja limekatwa vipande virefu, na vipande vya mkulima mmoja vimetawanyika huku na kule. Shamba hupandwa ngano, mwaka wa pili zao linalopandwa baridi ikipungua, wa tatu hupumzishwa. Kwingineko, hasa kati ya 1750 na 1850, Bunge lilipitisha sheria nyingi za kuzungushia ua mashamba kama haya, na wanyonge wengi wakapoteza malisho. Laxton ilisalimika kwa sababu itakayokuchekesha: wenye ardhi wakubwa walikuwa wawili, na hawakuelewana.

Sasa sikia. Kila mwaka, majira ya Novemba kwisha, wajumbe wa baraza la Laxton, wakulima wenyewe, hupanda trela la trekta wakaenda kwenye shamba lililopandwa ngano. Wanapigilia vigingi vya mipaka, wanatazama nani amepitiliza jembe akala njia ya wote au ukanda wa majani. Hawasubiri mtu alalamike! Wakimaliza, wanakula pamoja kwenye baa ya kijiji. Wiki moja baadaye mahakama yao inakaa, waliokosa wanatozwa faini, na wajumbe wa mwaka unaofuata wanaapishwa. Anayekukagua leo ana kipande shambani humo humo, na kesho huenda ukamkagua wewe.

Usidhani ni maigizo ya watalii. Mwaka 1977 Bunge lilipozinyang'anya mahakama za aina hii mamlaka yake, ya Laxton iliachiwa meno.

Ramani wanayo pia, ya 1635, aliyoichora Mark Pierce, inayoonyesha kila kipande. Imehifadhiwa maktaba ya Bodleian, Oxford. Wewe umewahi kuamua kesi kwa kuelekeza kidole ulipokuwa mwembe!

Ukipata nafasi nijibu: baraza lenu likiamua kuzungukia mashamba hivyo kila msimu, bila kusubiri kesi, nani atakuwa wa kwanza kugoma? Mimi nina jina kichwani, ila hapa wanasoma wengi.

Mpwa wako