Alilala juu ya mto

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Sisi hatujambo, na watoto wanakuamkia: shikamoo, shangazi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ulipoandika kwamba binti yako ameanza kuuliza habari za Mungu na unaogopa kumjibu vibaya, niliinuka kwenda kulitoa lile daftari ninaloandikia maneno ya wanangu. Limekaribia kujaa.

Nianze na wa kati, wa miaka mitano, maana ndiye anayenijazia kurasa. Baba yao huwasomea kisa kimoja cha Injili kabla ya kulala. Juzi ilikuwa Marko sura ya 4: dhoruba imechafuka, maji yanaingia chomboni, na Yesu yuko nyuma, “amelala juu ya mto”. Mtoto akaketi wima. “Juu ya mto? Hakuzama?” Baba yake hakuelewa mara moja. Kumbe mwenzetu ameuona mto wa maji unakwenda kasi, na Bwana kajinyoosha juu yake, anakoroma! Tulicheka sote, naye akacheka alipoonyeshwa mto aliokuwa ameulalia yeye mwenyewe. Ila taa ilipozimwa nikamsikia akimnong'oneza kaka yake: “Lakini angeweza. Si alitembea juu ya bahari?” Nilibaki nimesimama mlangoni kwa furaha. Neno alilikosea, ila Yesu wake hakumkosea hata kidogo.

Mkubwa, wa miaka minane, ni mtu wa hesabu. Walifundishwa Mathayo 18, Petro anauliza asamehe mara ngapi, akaambiwa saba mara sabini. Akazidisha, akapata 490, kisha akafungua ukurasa wa nyuma wa daftari lake na kuanza kupiga vistari kila mdogo wake anapomkosea. Siku moja akanitangazia: “Mama, nimemsamehe mara 23. Zimebaki 467.” Nilitaka kumkemea, nikajizuia. Wiki iliyofuata nikauona ule ukurasa umechanwa. Nilipomuuliza akasema, “Nimechoka kuhesabu. Labda Yesu alitaja namba kubwa ili tuchoke.” Dada, mimi nimeisikia sura hiyo tangu utotoni, na sikuwahi kuifikiria hivyo.

Mdogo bado ni wa “Amina” tu. Huisema kwa nguvu katikati ya sala, akiona imetosha. Mara nyingine namwona ana haki.

Sasa nikueleze jambo ambalo sikuwahi kukuandikia. Wa kati alipokuwa anajifunza Sala ya Bwana, alinijia sebuleni tukiwa na wageni. “Mama, kwa nini tunamwambia Mungu alie? Amefanya nini?” Nikamwuliza nani kasema hivyo. Akajibu, “Si tunasema: Baba yetu, ulie mbinguni?” Nilicheka kwa sauti, nikawageukia wageni nikawarudia maneno yake, nao wakacheka. Yeye hakucheka. Aliinamisha kichwa, akatoka. Tangu siku hiyo, kwa muda wa kama wiki tatu, sala ikifika alikuwa anachezesha midomo tu, sauti hakuna.

Iliniuma, na bado inaniuma. Hakuwa anachekesha. Alikuwa amebeba swali zito: anamhurumia Mungu anayeambiwa na watu wote, kila siku, alie. Nilimwita tukiwa wawili tu, nikamwomba msamaha, kisha nikamweleza kwamba “uliye” ni kusema yuko, anakaa huko. Akatikisa kichwa kukubali, lakini sauti haikurudi siku hiyo.

Katika Kutoka sura ya 12 Mungu anawaambia wazazi kabisa kwamba watoto watauliza maana ya Pasaka, na anawapa na jibu la kuwapa. Na Luka anasema Yesu akiwa na miaka 12 alikuwa hekaluni katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Nilisoma hayo yote baadaye, baada ya kosa. Ndiyo maana nakuomba wewe usiogope sana kujibu vibaya. Kujibu vibaya kunarekebishika kesho yake. Cheka naye anapocheka, andika alichosema na tarehe yake, na usiwasimulie watu mbele yake kabla hajakuruhusu. Haya niliyokuandikia nimewaomba ruhusa, na mkubwa amesisitiza nisikosee zile namba.

Kisha mama yangu akafariki, kama unavyojua. Jioni moja wa kati alinikuta nalia, akakaa kando yangu kimya, halafu akauliza, “Mungu naye hulia?” Safari hii nilifungua Biblia. Nikamsomea Yohana 11:35, mstari mfupi ule, “Yesu akalia machozi”, nikamweleza kwamba rafiki yake alikuwa amekufa. Akataka kujua kama na bibi atafutwa machozi, nikamsomea Ufunuo 21, kwamba Mungu atafuta kila chozi. Akafikiri kwa muda mrefu. Kisha: “Na Yeye akilia, nani anamfuta?”

Sikuwa na jibu. Nilimwambia sijui, tukakaa hivyo hivyo, mkono wake juu ya goti langu.

Usiku ule alisali kwa sauti, ya kwanza baada ya siku nyingi. Alianza vizuri, “Baba yetu uliye mbinguni”, akanyamaza kidogo, akaongeza la kwake: “Na ukilia, tupo hapa.” Kisha akaendelea na jina lako litukuzwe mpaka mwisho, na mdogo akapiga “Amina” yake mahali pasipo pake.

Niandikie, tafadhali, binti yako ameuliza nini hasa. Na lile swali la wa kati, wewe ungemjibu nini? Bado huniuliza mara kwa mara kama nimepata jibu.

Wako akupendaye katika Bwana,
Mama wa hawa watatu